Asili ya "Ciao": Salamu Iliyotoka Utumwani

Mswahili anayelisikia neno la Kiitaliano "ciao" kwa mara ya kwanza hudhani amesikia neno lake mwenyewe. Waitaliano huliandika kwa tahajia yao, lakini hulitamka kama sisi tutamkavyo "chao" tusemapo "kitabu chao" au "chombo chao". Kumbe wenyewe wanaamkiana tu, au wanaagana, kwani neno hilo moja huwatosha wakati wa kufika na wakati wa kuondoka. Ni salamu nyepesi, ya marafiki, ya vijana, ya watu wa nyumba moja. Hakuna Mwitaliano anayeitamka huku akiwaza mnada, mnyororo au bei ya binadamu. Hata hivyo, ukilifuata neno hili nyuma hatua kwa hatua, litakufikisha kwenye soko la watumwa.

Nimeona vyema kulisimulia neno hili mahali hapa kwa sababu sisi nasi tunayo salamu inayozua ubishi wa aina hiyo hiyo. Kila baada ya muda huzuka mtu akatuambia tuache kusema "shikamoo", kwa hoja kwamba ilizaliwa utumwani, na kwamba anayeitoa hujidhalilisha bila kujua. Hoja hiyo haifai kupuuzwa wala kukubaliwa kwa pupa. Kabla ya kuijibu, ni busara kutazama wenzetu waliopitia njia kama hiyo wameishia wapi.

Tuanze na mji. "Ciao" halikuzaliwa Roma wala Firenze, bali Venezia, mji uliojengwa juu ya maji kaskazini mwa Bahari ya Adriatiki, ambao kwa karne nyingi uliitawala biashara ya bahari hiyo. Venezia ina lugha yake, Kivenezia, ambayo ni ndugu wa Kiitaliano sanifu na si mtoto wake; zote mbili zimetokana na Kilatini. Watu wa Venezia walikuwa na desturi ya kumwamkia mtu kwa heshima wakisema "s-ciavo vostro", maana yake "mimi ni mtumwa wako". Kiitaliano sanifu kilisema vivyo hivyo kwa umbo lake: "schiavo vostro". Ilikuwa lugha ya adabu, aitumiayo mfanyabiashara mbele ya mteja, mgeni mbele ya mwenyeji, au mwandishi wa barua anapotia sahihi yake. Kwa wingi wa kutumika, kauli ikafupika. "Vostro" likadondoka, likabaki "s-ciavo" peke yake. Kisha konsonanti "v", iliyosimama kati ya irabu mbili, ikalegea na kupotea, likawa "s-ciao". Mwisho "s" ya mwanzo nayo ikaanguka, na ulimwengu ukapata "ciao".

Msomaji atauliza: ilikuwaje neno moja likawa na "k" katika Kiitaliano sanifu, ambako "schiavo" hutamkwa "skiavo", na likawa na "ch" katika Kivenezia? Jibu limo katika sheria ya sauti ambayo Mswahili hana haja ya kufundishwa, maana anaitumia kila siku. Kilatini kilikuwa na maneno yenye mfuatano wa "k" na "l": "clavis", ufunguo, "clamare", kuita, "ecclesia", kanisa. Baada ya muda "l" ile ililainika ikawa kama "y". Kiitaliano sanifu kikaishia hapo: "chiave", "chiamare", "chiesa", yote yakitamkwa kwa "ky". Kivenezia kikasonga hatua moja zaidi. "Ky" ikageuka "ch", kikasema "ciave" na "ciamar". Nasi je? Kiambishi chetu "ki-" kikikutana na irabu hufanya vivyo hivyo: ki-akula ikawa chakula, ki-umba ikawa chumba, ki-ombo ikawa chombo. Hata lile "chao" tulilodhani tumelisikia mwanzoni ni "ki-ao" iliyopita njia hiyo hiyo. Maneno haya mawili hayana undugu wowote wa damu, lakini yametengenezwa katika karakana moja, nayo ni kinywa cha binadamu.

Nasisitiza kwamba hayana undugu, kwa sababu wengi hupotelea hapa. Watu wa Vietnam nao husalimiana kwa neno "chào", linalokaribiana sana na "ciao" kwa sauti na kwa kazi pia. Lakini neno lao lina asili yake mbali kabisa na Italia. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Anayetafuta asili ya neno sharti aonyeshe njia lililopita, kituo kwa kituo, na sheria za sauti zilizoligeuza. Njia ya "ciao" inaonekana vizuri: "ciao", "s-ciao", "s-ciavo", "schiavo", na nyuma yake neno la Kilatini cha Zama za Kati, "sclavus".

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, kwa sababu "sclavus" si neno la Kilatini cha kale. Cicero angelisikia asingelielewa. Warumi wa kale walimwita mtumwa "servus". Mfalme Justiniano alipotoa kitabu cha kufundishia sheria za Kirumi mwaka 533, wanasheria wake walieleza kwamba "servus" limetokana na kitenzi "servare", yaani kuhifadhi, kwa kuwa majenerali waliwauza mateka badala ya kuwaua, na hivyo wakawahifadhi. Ni maelezo ya bwana juu ya mtumwa wake: anamuuza, kisha anataka ashukuriwe kwa kumwacha hai. Wanaisimu wa leo hawaamini kwamba maneno hayo mawili yalihusiana kwa sababu hiyo. Tujifunze basi kwamba hata asili ya maneno yaweza kubuniwa ili kumtuliza mwenye nguvu.

Dola ya Roma ilipoanguka upande wa magharibi, maana ya "servus" ilianza kubadilika. Neno hilo liliangukia zaidi na zaidi juu ya mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake, asiyeruhusiwa kuhama, lakini mwenye kibanda, mke na shamba la kulima. Katika Kiitaliano limebaki hadi leo kama "servo", mtumishi. Kwa hiyo likahitajika neno jingine la yule mtu anayenunuliwa sokoni na kusafirishwa ng'ambo kama mzigo. Neno jipya likatafutwa, na lililopatikana lilikuwa jina la kabila.

Katika karne ya 6 watu wengi walivuka mto Danube na kuingia katika nchi za Balkani. Waandishi wa Konstantinopoli waliwataja kwa jina walilojiita wenyewe, ila wakaliongezea "k" katikati, kwa kuwa mfuatano wa "s" na "l" mwanzoni mwa neno haukuizoea midomo ya Wagiriki: "Sklavenoi". Jordanes, aliyeandika kwa Kilatini mnamo mwaka 551, aliwaita "Sclaveni". Hao ndio Waslavi, mababu wa Warusi, Wapoland, Wacheki, Waserbia, Wakroatia, Wabulgaria na wengineo. Na jina lao wenyewe lilikuwa na maana gani? Wengi wa wanaisimu hulihusisha na "slovo", ambalo katika lugha zao maana yake ni "neno". Waslavi basi ni "wenye neno", watu wanaosemeshana wakaelewana. Majirani zao Wajerumani, ambao hawakuwaelewa, waliwaita kwa jina linalotokana na neno la "bubu", na Wapoland na Wacheki wanawaita hivyo hadi leo.

Zingatia, msomaji, mgeuko huu. Watu waliojiita wenye neno waliporwa jina lao, likafanywa neno la kumwitia mtu asiye na sauti mbele ya bwana wake.

Waliolipora hawakuwa wamoja. Katika karne ya 9 na ya 10 wafalme wa Ujerumani walipigana mfululizo na Waslavi waliokaa mashariki ya mto Elbe, hasa katika enzi ya Otto wa Kwanza (936–973), na mateka wa vita hivyo waliuzwa. Waslavi wengi walikuwa bado hawajaingia Ukristo, na kanisa lilikataza zaidi kuuzwa kwa Wakristo kuliko kuuzwa kwa wasio Wakristo. Misafara ya mateka ilivuka Ulaya kuelekea Hispania ya Waislamu, ambako Waarabu waliwaita "Saqaliba", jina lile lile lililopitia Kigiriki. Hatimaye, mtumwa katika sehemu kubwa ya Ulaya aliitwa Mslavi, hata kama hakuwa Mslavi. Kifaransa kikawa na "esclave", Kihispania "esclavo", Kireno "escravo", Kijerumani "Sklave", Kiingereza "slave". Majeraha ya watu wamoja yakawa msamiati wa bara zima.

Venezia haikukaa kando. Tayari katika karne ya 8, Papa Zakaria aliwakomboa kwa fedha watu ambao wafanyabiashara wa Venezia walikuwa wamewanunua Roma ili wakawauze Afrika. Mwaka 960 mtawala wa mji, Doge Pietro Candiano wa Nne, alipiga marufuku biashara hiyo. Lakini marufuku yasiyokuwa na macho baharini hayamzuii nahodha mwenye tamaa. Karne zilizofuata, meli za Venezia na za mshindani wake Genova zilikwenda hadi Bahari Nyeusi, katika bandari za Tana na Caffa, zikarudi na Watatari, Wachirkasi, Warusi na wengineo. Baada ya tauni ya mwaka 1348 kuua watu wengi mno, familia za mijini zilizokosa watumishi ziliongeza kununua. Firenze ikatoa sheria katika miaka ya 1360 kuruhusu kuingizwa kwa watumwa wasiokuwa Wakristo. Wengi wao walikuwa wanawake na wasichana, walionunuliwa kwa kazi za nyumbani. Marco Polo mwenyewe, msafiri mashuhuri wa Venezia, alikuwa na mtumwa Mtatari aliyeitwa Pietro, ambaye alimwacha huru katika wosia wake wa mwaka 1324. Kwa hiyo, Mvenezia wa zama hizo alipotamka "s-ciavo", hakuwa akitumia fumbo la kale. Mtumwa alikuwa jikoni kwake.

Hata hivyo mji huo huo uliwajua Waslavi kwa sura nyingine. Mtu anayetembea leo ufukweni karibu na uwanja wa Mtakatifu Marko atapita barabara pana iitwayo Riva degli Schiavoni, yaani Ufuko wa Waslavi. Hapo ndipo zilipofunga meli za wafanyabiashara kutoka Dalmatia, ng'ambo ya Adriatiki, watu huru waliokuja kuuza na kununua. Mwaka 1451 Wadalmatia waliokaa Venezia walianzisha chama chao cha kidini na cha kusaidiana, na mwanzoni mwa karne ya 16 jumba la chama hicho lilipambwa kwa picha za mchoraji Vittore Carpaccio, ambazo bado zimo humo. Hivyo, ndani ya mji mmoja na ndani ya shina moja la neno, "schiavone" alikuwa nahodha mwenye meli yake, na "schiavo" alikuwa mtu aliyeshushwa kutoka melini akiwa bidhaa.

Kutoka hapo, neno lilipandaje hadi kuwa salamu ya waungwana? Adabu ya zamani ilikuwa na tabia ya kujishusha. Mtu huru alijiita mtumwa, kwa kuwa alijua hakuna atakayemchukulia kwa uzito. Ni aliye huru tu anayeweza kusema "mimi ni mtumwa wako" kisha akageuka akaenda zake. Mtumwa halisi hakuhitaji kulisema, maana hati ya mauzo ilikwisha lisema kwa niaba yake. Basi neno la adabu lilikuwa ni vazi la mnyonge lililovaliwa na mwenye nafasi kwa dakika moja ya kuinamisha kichwa. Vazi lilivaliwa kwa vizazi vingi hadi rangi ikachujuka na mwenye nalo akasahaulika.

Katika karne ya 19 "ciao" lilienea kaskazini mwa Italia, na katika karne ya 20 likashika nchi nzima. Wahamiaji wa Kiitaliano walilivusha bahari. Argentina husema "chau" na Brazili "tchau" wakati wa kuagana. Likaelekea mashariki pia, na hapo historia ikafunga mduara wake: Wacheki na Waslovakia husema "čau", Waserbia "ćao", Wabulgaria "chao". Vijana wa Kislavi wanaagana kwa jina la mababu zao lililonyakuliwa, likapigwa chapa ya utumwa, likasuguliwa na midomo ya wageni, kisha likarudi nyumbani lisitambulike.

Jirani zetu nao wanalo. Waitaliano waliitawala Eritrea kama koloni tangu mwaka 1890, na waliikalia Ethiopia tangu 1936 hadi 1941. Waliondolewa, lakini "ciao" lilibaki, na hadi leo mtu wa Asmara au Addis Ababa humwaga rafikiye kwa neno hilo. Watu waliokataa kuwa watumwa wa mkoloni wamebaki na neno ambalo kwa asili yake husema "mimi ni mtumwa wako", na hawajapungukiwa na uhuru hata chembe. Wala "sclavus" si peke yake katika safari hii. "Servus" la Kilatini cha kale limekuwa salamu ya kawaida Austria na kusini mwa Ujerumani, na Wahungaria wana "szervusz". Maneno yote mawili ya mtumwa, la kale na la baadaye, yameishia kuwa "hujambo" na "kwaheri".

Sasa turudi kwetu. "Shikamoo" huelezwa na wengi kwamba ni ufupisho wa "nashika miguu yako". Kwa umbo, imepita njia ya "schiavo vostro": kauli nzima ya kujishusha iliyosagika hadi ikawa neno moja. Lakini kwa matumizi salamu hizi mbili zimeachana. "Ciao" imeshuka ikawa ya walio sawa, kiasi kwamba ukimwambia mzee usiyemzoea utaonekana huna adabu. "Shikamoo" imebaki ya mdogo kwa mkubwa, na mkubwa naye ana wajibu wa kuijibu kwa "marahaba". Wala kipimo chake si mali wala cheo: tajiri kijana humwamkia mzee fukara. Salamu iliyoelezwa kuwa ya mtumwa kwa bwana imekuwa salamu ya umri, na umri humfikia kila ajaaliwaye kuishi.

Lugha yetu ina mifano mingine ya namna maana inavyogawanyika ikitoka shina moja. Kitenzi "tuma" kimetuzalia "mtumwa", na kikatuzalia "mtume". Wote wawili ni watu waliotumwa; mmoja tumemweka chini ya wote, na mwingine juu ya wote. Tena tunalo jina. Waarabu wa kale waliwaita watu wa pwani yetu "Zanji", na mateka wa jina hilo waliopelekwa kufanya kazi karibu na Basra walihusishwa na uasi mkubwa wa miaka 869 hadi 883, unaojulikana mpaka leo kama Uasi wa Zanji. Jina hilo limo ndani ya "Zanzibar", na kutoka huko silabi yake moja imeingia katika "Tanzania". Hakuna anayedai tuifute. Tumeichukua tukaijaza maana yetu.

Hili ndilo jawabu langu kwa wanaotaka tuache neno kwa sababu ya lilikozaliwa. Asili ya neno haiamuru maana yake ya leo. Maana hutolewa na wanaolitumia. Kama asili ingekuwa hukumu, nusu ya dunia isingeweza kuagana. Lakini vilevile asili si jambo la kutupwa. Wasichana walioshushwa kwenye gati za Venezia, wengi hawakuacha kaburi lenye jina wala barua. Kilichosalia kwao ni majina machache katika hati za mauzo, na sauti hii moja fupi inayopita midomoni mwa mamilioni. Kulifuta neno ni kuufuta ushahidi wao. Kulitamka bila kujua kamwe ni kuuacha ushahidi huo bila msikilizaji. Ninalowaomba wapenzi wa lugha ni dogo: tuendelee kusalimiana, na tujue tunasalimiana kwa nini.

Nafunga kwa ubeti mmoja:

Neno lazaliwa kwao, likapanda na jahazi,
Likabeba na kilio, cha mateka, vijakazi,
Leo ni salamu zao, wendani walo azizi,
Tuliseme kwa kituo, tusizike simulizi.